Kabla ya Kununua Mchanga wa Samaki, Nunua Limau

Juma hili nimepokea barua kutoka Ahero, kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Yeye na dada yake wamedunduiza pesa mwaka mzima, na sasa wana tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 90 na upana wa sentimita 30. Hawataki ngege wala kamongo, ambao wamewaona tangu utotoni. Wanataka samaki wa bahari, wale wenye rangi zinazomfanya mgeni asahau chai yake.

Taabu imeanza kwenye mchanga. Muuzaji mmoja amewaambia kwamba bila mfuko wa mchanga kutoka ng'ambo samaki wote watakufa, na bei ya mfuko huo inakaribia bei ya tangi lenyewe. Baba yao naye ameshangaa: mto Nyando unapita karibu na nyumbani, malori yanabeba mchanga mchana kutwa, kwa nini watoto wanunue mchanga uliosafiri kwa ndege? Wananiuliza: nani ana haki?

Kila mmoja ana nusu ya haki. Mzee amekosea kudhani kwamba mchanga wowote ni mchanga. Muuzaji naye amekosea kudhani kwamba mchanga unaofaa hupatikana kwake tu. Ukijua mchanga una kazi gani ndani ya tangi, utaweza kuuchagua kwa shilingi chache. Usipojua, unaweza kutumia pesa nyingi na bado uwazike samaki wako.

KAZI YA MCHANGA

Kazi ya kwanza ni makao ya bakteria. Samaki hula, na uchafu wao hutoa amonia, ambayo ni sumu. Aina moja ya bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hawa huishi juu ya chembe za mchanga, juu ya mawe na ndani ya chujio. Kwa hivyo mchanga husaidia, lakini si makao yao ya pekee.

Kazi ya pili ni kuwapa baadhi ya viumbe kitanda. Wako samaki wa bahari ambao usiku hujifukia mchangani walale, na wako wanaochimba kutwa kutafuta chakula. Hao ukiwanyima mchanga utawatesa. Lakini yule samaki mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, ambaye filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003 ilimpa umaarufu, hahitaji mchanga kamwe.

Kazi ya tatu ndiyo inayotajwa sana madukani: kuyazuia maji yasiwe machachu. Maji ya bahari yana kipimo cha pH cha takriban 8.1 hadi 8.3. Mchanga unaotokana na matumbawe na magamba ni kalsiamu kaboneti, na maji yakianza kuwa machachu huyeyuka kidogo na kuyarekebisha. Ni kweli, lakini msaada huo ni mdogo. Maji yakiwa katika hali yake ya kawaida, chembe hizo huyeyuka polepole mno. Kinachoyatunza maji hasa ni kuyabadilisha sehemu kwa sehemu, kwa chumvi inayofaa. Mtu asikuuzie mchanga kana kwamba ni dawa.

MCHANGA WA NYANDO

Mto Nyando hutoka nyanda za juu za Nandi na Kericho. Hupita katika ukanda wa miwa wa Muhoroni na Chemelil, ukaingia tambarare ya Kano penye mashamba ya mpunga ya Ahero, yaliyoanzishwa miaka ya 1960, kisha ukamwaga maji yake katika Ghuba ya Winam. Mchanga wake ni mabaki ya miamba iliyosagwa na maji, na sehemu yake kubwa ni silika. Silika haiyeyuki ndani ya tangi. Haiongezi kitu, haipunguzi kitu. Kwa hiyo si sumu, hata kwenye maji ya chumvi.

Ubaya wake ni wale wanaosafiri nao. Kwanza kuna udongo wa mfinyanzi, hasa baada ya mafuriko ambayo wakazi wa Kano wanayajua vizuri. Udongo huo ukiingia tangini, maji hubaki kama chai ya maziwa kwa siku nyingi. Pili kuna mabaki ya mbolea na dawa za shambani. Mbolea hulisha ukungu wa kijani. Dawa nyingine zina shaba, na shaba, hata ikiwa kidogo, huua kamba na konokono wa bahari. Mabaki hayo hayaonekani kwa macho wala hayanusiki.

Jambo jingine ni mto wenyewe. Ndoo moja haibomoi ukingo, lakini uchimbaji usio na mpango umezifanya kingo za mito mingi ya Kenya ziporomoke, na ndiyo sababu mwaka 2007 ulitolewa mwongozo wa kitaifa wa uchimbaji wa mchanga. Mtoto asitumwe na ndoo kwenye ukingo uliochimbwa kwa chini, maana unaweza kumwangukia. Ukitaka silika, nunua ule mchanga uliooshwa na kuchekechwa unaouzwa kwa machujio ya mabwawa ya kuogelea. Chembe zake zinalingana, ni safi, na bei yake iko mbali na ile ya mfuko wa ng'ambo.

MCHANGA MWEUPE WA PWANI

Wengi wetu tunapofika Diani huvua viatu na kustaajabia weupe wa mchanga. Weupe ule ni wa matumbawe na magamba yaliyosagika. Tena katika pwani zenye matumbawe, sehemu ya mchanga huo imepitia tumboni mwa samaki aitwaye pono. Pono hukwangua matumbawe kwa mdomo wake mgumu kama wa kasuku, hula mimea midogo iliyomo, kisha huyatoa mawe yaliyosagwa yakiwa mchanga. Watoto wakicheka kwamba wamejenga kasri kwa kinyesi cha samaki, hawatakuwa wamekosea.

Lakini si mchanga wote wa Pwani ulio hivyo. Nenda Malindi, karibu na mdomo wa mto Sabaki, utaona mchanga wa rangi ya kahawia, kwa sababu mto huo huleta mchanga na udongo kutoka bara. Kwa hiyo neno "mchanga wa bahari" halikuhakikishii kitu. Muuzaji anaweza kusema kweli kwamba umetoka baharini, nao ukawa ni ndugu wa mchanga wa Nyando.

Je, ukienda Mombasa urudi na gunia? La hasha. Ndani ya hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka 1968, ni marufuku kuchukua mchanga, magamba au matumbawe. Hata nje ya hifadhi, ufuo si bohari ya kila mpita njia: kasa hutaga mayai yao humo, na mchanga ndio unaozuia mawimbi yasile nchi. Usichukue bila kibali. Isitoshe, ufuo ulio karibu na mji una mafuta, taka na maji machafu ambayo hutaki kuyaleta nyumbani.

VIPIMO VINNE VYA NYUMBANI

Kabla ya kulipa, omba kiganja kimoja cha mchanga uende nao nyumbani. Unahitaji limau, chupa ya kioo, bilauri na sumaku ya spika mbovu ya redio.

Kipimo cha kwanza ni cha limau. Weka kijiko kimoja cha mchanga mkavu kwenye kisahani, ukamulie limau au umimine siki. Ukitoa povu na kuchemka kwa viputo vidogo, una kalsiamu kaboneti, na viputo ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka. Ukikaa kimya, ni silika. Ukitoa povu hafifu, ni mchanganyiko. Wanafunzi wa kemia watakuwa wameona jambo hili maabarani.

Kipimo cha pili ni cha chupa. Tia mchanga robo ya chupa, jaza maji, tikisa kwa nguvu, kisha iache. Mchanga halisi hutua mara moja. Maji yakiwa bado mazito baada ya nusu saa, udongo ni mwingi na kazi ya kuosha itakuwa ndefu.

Kipimo cha tatu ni cha sumaku. Ifunge kwa karatasi ya plastiki uipitishe juu ya mchanga. Chembe nyeusi zikiruka na kushikana nayo, zina chuma. Chembe hizo huingia kwenye mashine ya kusukuma maji, na ukisafisha kioo kwa kisafishio cha sumaku hukikwaruza. Zikiwa chache, ziondoe. Zikiwa nyingi, tafuta mchanga mwingine.

Kipimo cha nne ndicho cha kuokoa maisha. Weka kijiko kimoja kwenye bilauri ya maji. Bilauri ikipata joto, au maji yakiwa meupe na ya kuteleza kama ya sabuni, hiyo ni chokaa iliyochomwa. Itupe, na mtu mzima ndiye aishughulikie, kwa sababu huunguza macho na ngozi.

CHOKAA SI MAWE YA CHOKAA

Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu wa Ahero wako karibu na Koru, mahali panapojulikana kwa machimbo ya mawe ya chokaa. Mawe yenyewe, kabla ya kuingia tanuri, ni kalsiamu kaboneti. Yakisagwa na kuchekechwa kuwa chembe, yanaweza kutumika tangini. Lakini mawe hayo yakichomwa hugeuka kitu kingine kabisa. Chokaa ya kupaka ukuta, hata kiganja kimoja, itapandisha pH ya tangi dogo ghafla na kuwaua samaki wote kabla ya jua kuchwa. Majina yanafanana, na gunia halisemi. Uliza wazi: "Haya yamechomwa au hayajachomwa?" Kisha fanya kipimo cha bilauri hata kama umejibiwa.

Mawe ya Koru yanahusiana na volkano za kale, na mawe ya aina hiyo huweza kuwa na fosfeti, ambayo hulisha ukungu wa kijani. Osha sana, na uanze na kiasi kidogo.

PA KUNUNUA KWA BEI NAFUU

Mahali pa kwanza ni duka la agroveti. Wafugaji wa kuku huchanganya chakula na magamba yaliyosagwa ili mayai yawe na maganda magumu. Magamba hayo ni kalsiamu kaboneti, yanauzwa kwa kilo, na hayana jina la kigeni la kuyapandishia bei. Hakikisha hayajachanganywa na dawa wala chakula, na uchekeche unga wote utoke. Kasoro yake ni ncha kali, kwa hivyo hayafai kwa samaki wanaojifukia.

Mahali pa pili ni duka la vifaa vya ujenzi. Mafundi wa sakafu za terazo hutumia chembe za marumaru zilizopangwa kwa ukubwa. Marumaru nyingi ni kalsiamu kaboneti, lakini chukua limau lako, na uchague nyeupe zisizotiwa rangi.

Mahali pa tatu ni machimbo ya Pwani, kama una jamaa huko. Katika Kaunti ya Kilifi hukatwa matofali ya kujengea kutoka mawe ya matumbawe ya kale, yaliyo nchi kavu. Chenga zinazobaki chini ya misumeno ni za asili moja na mchanga wa Diani, na hakuna aliyeibiwa ufuo wake. Omba ruhusa kwa mwenye machimbo, chekecha, kisha kifurushi kipande basi. Safari ya Mombasa hadi Kisumu inapita kilomita 800, kwa hiyo linganisha nauli ya mzigo na bei ya agroveti kwanza.

Chembe zinazofaa ni za milimita 1 hadi 2. Zikiwa laini kama unga hupeperushwa na maji. Zikiwa kubwa kama maharagwe, chakula hupenya katikati na kuozea humo.

FANYA HESABU KWANZA

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua tangi la vijana wetu wa Ahero: urefu 90, zidisha kwa upana 30, zidisha kwa kina cha mchanga cha sentimita 3. Unapata sentimita za ujazo 8,100, yaani lita 8.1. Lita moja ya mchanga mkavu ina uzito wa kama kilo moja na nusu. Kwa hivyo wanahitaji kilo 12 au 13 tu, chini ya nusu debe.

Wengine huambiwa wajaze hadi sentimita 10. Hapo ni lita 27, zaidi ya kilo 40, na mzigo mzito juu ya meza ya sebuleni. Mchanga wenye kina kirefu ukikosa uangalizi, hewa ya oksijeni haifiki chini. Panakuwa peusi, na ukipachokoa hutoka harufu ya mayai viza. Hewa hiyo ni sumu kwa samaki. Pia umeme ukipotea, kama unavyopotea kwetu, bakteria wote waliomo mchangani huendelea kuvuta oksijeni ileile wanayoihitaji samaki. Mwanzilishi asipite sentimita 3, na awe na pampu ndogo ya hewa ya betri.

Je, pesa zikikosekana kabisa? Acha sakafu ya kioo ikiwa tupu, uweke mawe safi na chujio zuri. Ni njia halali, rahisi kusafisha, na ni bora kuliko mchanga usiojulikana ulikotoka. Pesa unayookoa iweke kwenye chumvi ya tangi na kifaa cha kuipimia. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita, kwa hiyo lita 100 hutaka karibu kilo 4 za chumvi ya tangi. Ile ya mezani haifai, kwa kuwa inakosa magnesi, kalsiamu na madini mengine ya bahari. Hapo ndipo usipobane shilingi.

KUOSHA NA KUSUBIRI

Tia mchanga kidogo kidogo kwenye ndoo ambayo haijawahi kuona sabuni. Mimina maji, koroga kwa mkono, mwaga, rudia mpaka maji yatoke angavu. Mara 10 si ajabu, na mara 20 si aibu. Sabuni isiguse kitu chochote. Anika juani hadi ukauke.

Ukiutia tangini, weka sahani juu yake na umimine maji ya chumvi juu ya sahani, ili mchanga usitimke. Kisha subiri. Bakteria huchukua kama juma 4 hadi 6 kuenea. Maduka huuza "mchanga hai" ili kufupisha muda huu, lakini kikombe kimoja cha mchanga kutoka tangi la chumvi la rafiki, lenye samaki wenye afya, hufanya kazi hiyohiyo bila malipo. Pima amonia na nitriti. Zote mbili zikiwa sufuri, mlete samaki mmoja, si watano. Subira huvuta heri.

Kwa wale ambao wakishapiga hesabu wataona chumvi imewashinda, msihuzunike. Mchanga uleule wa silika, ukioshwa vizuri, unawafaa sana samaki wa ziwani. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yanajulikana kwa matangi yake ya samaki wa Ziwa Victoria. Wapelekeni watoto wakawaone fulu. Wengi wa jamii hiyo walipotea ziwani baada ya mbuta kuletwa miaka ya 1950, na tangi la fulu nyumbani si jambo la kuonewa haya.

Neno la mwisho kwa wenye tangi la chumvi. Siku ya kubadilisha maji, yale ya zamani msiyamwage kwenye mfereji unaokwenda shambani, wala kwenye sukuma wiki za mama. Mche wa mpunga haupendi chumvi, na jirani hatapenda kusikia kwamba mavuno yake yamelipia samaki wenu wa sebuleni.